Umbile na Kuota Upya kwa Ncha ya Kidole: Historia ya Jambo na ya Majina Yake

Utangulizi

Mtoto aliyebanwa kidole mlangoni ni mgonjwa wa kila siku. Hufikishwa zahanati mkono ukiwa umezongwa kitambaa, na mama yake husema neno moja tu: "Kidole kimekatika." Neno hilo laweza kuwa na maana nyingi. Huenda kilichotoka ni ngozi ya nchani na nyama kidogo. Huenda ncha imetoka pamoja na nusu ya ukucha. Huenda pingili nzima ya mwisho imekwenda. Katika hali ya kwanza na ya pili mtoto huyo, akisafishwa jeraha na kufungwa vizuri, aghalabu atapata tena ncha ya kidole yenye umbo, ukucha na hisi. Katika hali ya tatu hatapata. Basi kati ya tumaini la kweli na tumaini la uongo pamesimama maneno, na uchaguzi wa maneno hayo ndiyo kazi ya wanaoshughulikia istilahi.

Makala hii inakusudia kueleza kwa ufupi umbile la ncha ya kidole cha mkono na cha mguu. Kisha kusimulia jinsi wataalamu walivyofikia kukubali kwamba sehemu hiyo ya mwili wa binadamu yaweza kuota upya. Na mwisho kupima maneno ya Kiswahili yanayofaa kulitaja jambo hilo. Hoja yetu ni moja. Jambo hili lilikuwa mbele ya macho ya watu muda mrefu kabla halijakubaliwa na wataalamu, na sababu mojawapo ya kuchelewa huko ilikuwa kukosa jina linaloliteua na kulitenga na mambo mengine yanayofanana nalo. Lugha yetu, ambayo bado inajenga istilahi zake za tiba, haina sababu ya kulirudia kosa hilo.

Umbile la ncha ya kidole

Kiswahili huita kidole kile cha mkono na kile cha mguu pia. Kiingereza kina majina mawili yasiyohusiana, na mwanafunzi wake hana budi kufundishwa kwamba viungo hivyo viwili vimeundwa kwa mpango mmoja. Sisi jina lenyewe limekwisha kutufundisha. Kwa kawaida kila mkono una mifupa ya vidole 14, na kila mguu una 14 vilevile: kidole gumba kina miwili, na kila kimoja cha vingine vinne kina mitatu.

Kipande cha kidole kilicho baina ya kiungo na kiungo tunakiita pingili, kama tusemavyo pingili ya muwa au ya mwanzi. Wayunani waliiita mifupa hiyo kwa jina la safu ya askari waliojipanga vitani, na jina hilo limebaki katika vitabu vya tiba vya Ulaya hata leo. Myunani aliona jeshi. Mswahili aliona muwa. Muwa ni mfano mzuri, lakini, kama tutakavyoona mbele, yafaa tuutumie kwa hadhari.

Ncha ya kidole, kwa maana ya kitabibu, ni sehemu inayoanzia pale kano ya kukunja na kano ya kunyosha zinaposhikamana na pingili ya mwisho, kwenda mbele. Ndani yake mna mfupa mfupi uliopanuka kidogo mwishoni. Upande wa kiganja, au wa wayo kama ni mguu, mfupa huo umefunikwa na mnofu mnene. Mnofu huo umegawanywa vyumba vidogo vidogo kwa nyuzi ngumu zinazoifunga ngozi kwenye mfupa. Nyuzi hizo ndizo zinazoifanya ngozi ya nchani isiteleze tunaposhika sindano. Na hizo ndizo zinazoyafanya maumivu ya usaha wa nchani yawe makali kupita kiasi, kwa kuwa usaha ukijaa katika vyumba hivyo hauna pa kutanukia. Katika ngozi hiyo yenye mistari mna vijiungo vya hisi vilivyoelezwa na Georg Meissner pamoja na Rudolf Wagner mwaka 1852, ambavyo kwavyo kipofu husoma maandishi ya nukta na mshonaji huutambua uzi asiouona.

Upande wa juu ndiko uliko ukucha. Watu wengi huudhani kuwa ni pambo, mahali pa kutia hina, au kwa uchache ni ngao ya nchani. Kumbe ukucha ni kiungo chenye sehemu zake. Kuna bamba gumu tunaloliona na kulikata. Chini ya bamba kuna nyama laini inayoshikamana nalo. Nyuma kabisa, chini ya mkunjo wa ngozi, kuna shina, mahali ambapo seli mpya huzaliwa na kuusukuma ukucha mbele. Sehemu ya mbele ya shina hilo huonekana kama mwezi mwandamo mweupe, hasa katika kidole gumba. Ukucha wa mkono hukua takriban milimita 3 kwa mwezi, na wa mguu takriban nusu ya hapo. Msomaji ashike moyoni hilo shina la ukucha, kwa maana habari yote inayofuata itarejea hapo.

Gando la kaa na mguu wa salamanda

Mvuvi anajua kwamba kaa akipoteza gando huota jingine. Wavuvi wa Ufaransa nao walilijua jambo hilo, lakini wataalamu wa nchi yao walilihesabu kuwa porojo la watu wasiosoma. Aliyeamua kuwasikiliza wavuvi ni René-Antoine Ferchault de Réaumur. Aliwakata miguu kamba wa maji baridi, akawahifadhi, akangoja. Na mwaka 1712 alikieleza Chuo cha Sayansi cha Paris kwamba wavuvi walisema kweli.

Mwaka 1740, Abraham Trembley, aliyekuwa mwalimu wa watoto wa nyumba moja ya kitajiri huko Uholanzi, alimkata vipande kiumbe mdogo wa majini, akaona kila kipande kimekuwa kiumbe kamili. Linnaeus alimpa kiumbe huyo jina la hidra, joka wa hadithi za Kiyunani ambaye kichwa chake kilipokatwa viliota viwili. Mwaka 1768 padri wa Italia, Lazzaro Spallanzani, alitoa kitabu kidogo kilichoeleza jinsi salamanda anavyorudisha miguu na mkia wake, mifupa na yote.

Hapa pana jambo la kuangaliwa na mwanaistilahi. Neno walilolitumia Réaumur kwa Kifaransa na Spallanzani kwa Kiitaliano ndilo lile ambalo leo, katika lugha hizo, lina maana ya kuzaana. Wakati huo maana yake ilikuwa "kutoa tena". Buffon, mwaka 1749, alilitia katika kichwa cha sura iliyohusu kuzaana kwa viumbe, na tangu hapo neno moja likabeba mizigo miwili. Jina lililoenea baadaye kwa kuota upya kwa viungo lilikuwa limezoeleka kanisani, ambako lilikuwa na maana ya kuzaliwa mara ya pili kwa roho ya mwamini. Kwa hiyo wataalamu wa Ulaya walikuwa na majina mawili, moja likielekea kwenye uzazi na jingine kwenye wokovu. Hakuna hata moja lililosema waziwazi: kiungo kilikatika, na sasa kinaota.

Karne ya 19 iliongeza maarifa. T. J. Todd alionyesha mwaka 1823 kwamba mguu wa salamanda hauoti ikiwa mshipa wake wa fahamu umekatwa. Mwaka 1901 Thomas Hunt Morgan wa Marekani alitoa kitabu kizima juu ya jambo hili, akaligawa sehemu mbili. Ya kwanza ni pale ambapo seli mpya huongezeka juu ya kigutu na kujenga kilichopotea, kama ilivyo kwa salamanda. Ya pili ni pale ambapo kilichobaki hujipanga upya bila ya kuongezeka seli nyingi, kama ilivyo kwa hidra. Mgawanyo huo ungali unatumika.

Lakini maarifa hayo yote yaliwahusu wanyama wa chini. Mjusi alikubaliwa kwa sababu kila mtoto amemwona akiuacha mkia na kukimbia, ingawa mkia unaorudi si sawa na wa kwanza, maana ndani yake mna gegedu mahali pa pingili za uti wa mgongo. Kuhusu binadamu ilifundishwa kwamba jeraha lake hupona kwa kovu. Mfupa wake huunga, ngozi yake hufunga, damu yake hurudi, lakini kiungo chake hakioti. Fundisho hilo lilikuwa kweli kwa mkono na kwa mguu. Kosa lilikuwa kulitandaza hadi nchani.

Kiraka na subira

Daktari wa upasuaji aliyefundishwa hivyo, akiletewa kidole kilichopoteza ncha, aliona shimo la kuzibwa. Njia za kuziba zilikuwa nyingi, na zilibuniwa kwa ustadi mkubwa. Mwaka 1947 W. Kutler alieleza jinsi ya kukata pembetatu mbili za ngozi ubavuni mwa kidole na kuzisogeza nchani. Mwaka 1970 E. Atasoy na wenzake walieleza jinsi ya kuleta pembetatu moja kutoka upande wa kiganja. Wengine walishonea kidole kwenye kiganja au kwenye kidole jirani kwa muda ili kipate ngozi. Wengine waliufupisha mfupa na kushona. Kazi hizo zimewasaidia wengi, na zipo hali ambazo hata leo hakuna njia iliyo bora kuliko hizo. Lakini lugha ya kazi hizo ilikuwa lugha ya kiraka: kufunika, kuziba, kushona. Asiyekuwa na neno la kuota hawezi kungoja kitu kiote.

Mwaka 1972 B. S. Douglas wa Australia alitoa makala juu ya watoto waliokatika ncha za vidole na kutibiwa bila ya kushonwa. Mwaka 1974 C. M. Illingworth, daktari wa hospitali ya watoto ya Sheffield, Uingereza, akaandika juu ya vidole vilivyobanwa na ncha zilizokatika. Wagonjwa wake walikuwa watoto, na milango ilikuwa miongoni mwa sababu kubwa za ajali zao. Tiba yake ilikuwa nyepesi mno: jeraha lilisafishwa, likafungwa kwa kitambaa kisichogandamana nalo, kisha likaachwa. Baada ya majuma kadhaa ncha ilikuwa imerudi, na ukucha wake, na mviringo wake, hata mistari ya ngozi yake. Sharti lilikuwa kwamba mkato usipite nyuma kufikia kiungo cha mwisho cha kidole, na kwamba jeraha lisifungiwe ndani ya kiraka cha ngozi.

Sharti hilo la pili lisingemshangaza mtu aliyewasoma wataalamu wa salamanda. Walikwisha kuona kwamba kigutu cha mnyama huyo kikishonewa ngozi kamili juu yake hakioti chochote. Yaani, kwa upande wa uotaji, kile ambacho daktari alikiita kukamilisha kazi kilikuwa kuizuia. Maarifa yalikuwapo pande mbili, kwa wataalamu wa wanyama na kwa madaktari, lakini kila upande ulikuwa na msamiati wake, na misamiati hiyo haikukutana.

Mwaka 1980 M. J. Allen alieleza tiba hiyo ya subira kwa watu wazima, akazigawa ajali za nchani daraja nne: mnofu peke yake, mnofu na ukucha, mnofu, ukucha na sehemu ya mfupa, na mkato uliopita nyuma ya mwezi wa ukucha. Mwaka 1993 U. Mennen na A. Wiese wa Afrika Kusini walitoa taarifa ya kuwatibu wagonjwa kwa plasta inayofunika jeraha na kuuhifadhi unyevu wake, wakaridhishwa na matokeo. Majimaji yenye harufu mbaya yanayokusanyika chini ya plasta ya namna hiyo huwatia watu hofu, nayo si lazima yawe dalili ya uoza; lakini ni mwenye ujuzi tu awezaye kupambanua. Kwa watu wazima kinachorudi zaidi ni ngozi, mnofu na umbo. Mfupa uliopotea haurudi kwa kiasi cha kutegemewa. Wala subira si kutelekeza. Jeraha la nchani huhitaji kusafishwa, mgonjwa huhitaji kinga ya pepopunda, na mfupa uliopondeka huhitaji kuangaliwa.

Kidole cha mguu cha panya

Ushahidi wa hospitali haukutosha kueleza namna jambo linavyotendeka, kwa kuwa haifai kumkata mtoto kidole ili kuona kitakavyoota. Mwaka 1982 R. B. Borgens wa Marekani alitangaza kwamba panya akikatwa ncha ya kidole cha mguu wa mbele, ncha huota tena. Kuanzia hapo ncha ya kidole cha panya ikawa shule ya wataalamu duniani kote. Huchukua takriban majuma manne kurudi, mfupa na ukucha pamoja. Mkato ukipita katika pingili ya mwisho na kuliacha shina la ukucha, kidole huota. Mkato ukipita katika pingili ya pili, kidole hubaki kigutu.

Kwa nini ukucha uwe mpaka? Mwaka 1995 W. Zhao na D. A. Neufeld walionyesha kwamba katika panya wachanga mfupa huota pale ambapo ukucha umebaki. Mwaka 2000 Neufeld na K. S. Mohammad walionyesha kwamba kukata mishipa ya fahamu huchelewesha kuota kwa ncha ya kidole cha mguu, lakini hakukuzuii. Hapo panya alitofautiana na salamanda wa Todd.

Mwaka 2011 makundi mawili, la Y. Rinkevich na wenzake na la J. A. Lehoczky na wenzake, yaliweka alama katika seli na kuzifuatilia. Wengine walikuwa wakidhani kwamba seli za kigutu hurudi utotoni kabisa na kuweza kuwa kitu chochote. Haikuwa hivyo. Seli za mfupa zilizaa mfupa, seli za ngozi zilizaa ngozi, na seli za ukucha zilizaa ukucha. Mtoto wa nyoka ni nyoka. Mwaka 2013 M. Takeo na wenzake, katika maabara ya M. Ito huko New York, walionyesha kwamba katika shina la ukucha zimo seli asilia zinazoulisha ukucha maisha yote. Ukucha unapokua baada ya ajali, ishara za kikemia zitokazo katika eneo hilo huvuta neva na kuzihimiza seli za mfupa ziongezeke. Ishara hiyo ikizimwa, hauoti ukucha wala mfupa. Ikiwashwa kwa nguvu mahali ambapo kwa kawaida kidole hakioti, huota kwa kiasi.

Hivyo ndivyo ukucha ulivyoacha kuwa pambo na kuwa mlezi wa ncha nzima. Na hivyo ndivyo mfano wa muwa unavyofikia kikomo chake. Muwa ukikatwa popote, ilimradi kifundo kimebaki, utachipua. Kidole hakina uwezo huo katika vifundo vyake. Uwezo umewekwa nchani peke yake, na shina la ukucha ndilo mpaka.

Vidole vya wenye ukoma

Kabla ya kuyapima majina yetu, tutaje mfano mmoja unaoonyesha hasara ya jina baya. Watu wamesema kwa muda mrefu kwamba ukoma "hula vidole", au kwamba vidole vya mgonjwa "hukatika vyenyewe". Bakteria wa ugonjwa huo aligunduliwa na Armauer Hansen wa Norwei mwaka 1873, lakini hata baada ya hapo wengi waliendelea kuamini kwamba nyama ya mgonjwa huoza kwa ugonjwa wenyewe. Paul Brand, daktari wa upasuaji aliyefanya kazi Vellore, Uhindi, kuanzia mwaka 1946, alionyesha kwamba sivyo. Ugonjwa huharibu mishipa ya fahamu. Mgonjwa hasikii moto wa sufuria wala mwiba wa njiani. Majeraha hurudiarudia, usaha huingia mfupani, na mfupa hunywea kidogo kidogo. Kidole hakiliwi. Hupotea kwa ajali nyingi zisizosikika.

Tofauti hiyo si ya maneno matupu. Aliyeambiwa kwamba vidole vyake vinaliwa hukata tamaa na kujificha. Aliyeambiwa kwamba hisi imepotea huvaa viatu, huutazama wayo wake kila jioni, hushika sufuria kwa kitambaa. Jina moja huua juhudi, na jina jingine huokoa kidole.

Majina ya Kiswahili

Utaratibu uliozoeleka wa kuunda istilahi ni kutafuta kwanza katika Kiswahili chenyewe na lahaja zake, kisha katika lugha nyingine za Kibantu, ndipo kukopa kwingineko. Kwa jambo hili hatuna haja ya kwenda mbali. Tatizo letu ni wingi wa maneno yanayokaribiana, si uhaba.

Yako maneno ya uponyaji. Jeraha hufunga au hukauka, mfupa huunga, mgonjwa hupona. Maneno hayo hayasemi kwamba kilichopotea kimerudi. Kidole kilichobaki kigutu nacho husemwa kimepona. Tusiyatumie kwa kuota upya.

Yako maneno ya uzazi. "Kuzaliwa upya" limekwisha kutwaliwa na dini, na "uzalishaji" umekwenda viwandani na mashambani. Tukiyachukua hayo tutajitwika mzigo ule ule walioutua watu wa Ulaya baada ya kuubeba kwa muda mrefu.

Liko neno "kufufuka". Lakini hufufuka aliyekufa, na kigutu hakikufa.

Liko neno "kukua". Kukua ni kuongezeka kwa kilichopo. Ukucha hukua kila siku pasipo ajali yoyote, na kama tulivyoona, kukua huko ni sehemu ya habari, si habari nzima.

Liko neno "kuchipua", nalo lina mvuto mkubwa kwa watu wanaoishi na migomba na miwa. Lakini mgomba ukikatwa, kinachotokea ni chipukizi jipya, mgomba mwingine kando ya ule wa zamani. Tena chipukizi hutokea chini, karibu na mzizi, ilhali kidole huota juu, nchani. Mama akiambiwa "kitachipua" atatumaini hata pale ambapo pingili mbili zimekwenda, kwa sababu ndivyo shamba lilivyomfundisha.

Limebaki "kuota". Hili ndilo neno tunalolitumia kwa sehemu za mwili zirudizo mahali pake: jino limeota, nywele zimeota, ukucha umeota. Lina kasoro mbili. Ya kwanza, mtu huota ndoto pia. Lakini muktadha hauruhusu kuchanganya, na hakuna aliyewahi kudhani kwamba jino la mtoto wake limeona ndoto. Ya pili, nomino yake ya karibu, "uoto", imekwisha kutumika kwa mimea ya nchi, kama tusemavyo uoto wa asili. Kwa hiyo twapendekeza nomino "uotaji upya", na kitenzi "kuota upya". Neno "upya" lisiachwe, kwa kuwa ndilo linaloonyesha kwamba kulikuwa na kitu kabla.

Kwa sehemu na hali nyingine zilizotajwa katika makala hii, tunaleta mapendekezo yafuatayo:

(a) Ncha ya kidole: sehemu ya kidole cha mkono au cha mguu iliyo mbele ya mashikio ya kano katika pingili ya mwisho.

(b) Mnofu wa ncha: nyama iliyo baina ya mfupa na ngozi upande wa kiganja au wa wayo.

(c) Kitalu cha ukucha: mahali pa nyuma ambapo seli za ukucha huzaliwa, palipoitwa shina katika maelezo yetu ya juu. Walatini walipaita kwa jina la tumbo la uzazi. Kitalu cha miche chasema jambo hilo hilo, tena kwa mkulima chaeleweka bila ya ufafanuzi: miche hutunzwa pale, na kitalu kikiharibiwa hakuna cha kupandikiza.

(d) Tandiko la ukucha: nyama laini ambayo bamba la ukucha limelala juu yake.

(e) Hilali ya ukucha: sehemu nyeupe mfano wa mwezi mwandamo inayoonekana kwenye mwanzo wa ukucha.

(f) Kigutu: kinachobaki baada ya kiungo kukatika. Neno hili ni la zamani na halihitaji kubadilishwa. Lakini lisitumike kwa mgonjwa mwenyewe, kwa kuwa mtu si kigutu chake.

(g) Tumba la uotaji: rundo la seli linalojitokeza juu ya kigutu kabla sehemu haijapata umbo. Wataalamu hutumia neno la Kiyunani, blastema. Tumba la ua linafaa zaidi, maana ndani yake vimo vitu ambavyo bado havijaonekana.

(h) Mkato wa mbele ya kitalu na mkato wa nyuma ya kitalu: aina mbili za ajali ambazo mhudumu hana budi kuzitenganisha anapoandika habari za mgonjwa.

Pendekezo la mwisho ndilo tunalolitilia mkazo kuliko yote. Daraja nne za Allen zinamfaa mtaalamu, lakini zahanati yenye mhudumu mmoja na foleni ndefu yahitaji swali moja linalojibika kwa kutazama: je, kitalu cha ukucha kimebaki? Kikiwa kimebaki, yako matumaini ya kuota upya, hasa kwa mtoto. Kikiwa kimekwenda, mama aambiwe ukweli, na mtoto apelekwe kwa mpasuaji. Kitabu cha wagonjwa kilichoandikwa tu "amekatika kidole" hakimsaidii mpasuaji, hakimsaidii mama, wala hakitamsaidia mtafiti atakayetaka kujua ni watoto wangapi wa nchi hii wameota ncha zao bila ya mtu kuandika.

Hitimisho

Tumeona kwamba mvuvi alitangulia kujua na msomi akafuata. Kwamba kwa miaka mingi ncha ya kidole ilishonewa kiraka kwa sababu lugha ya mpasuaji haikuwa na nafasi ya kungoja. Na kwamba sehemu iliyodhaniwa kuwa pambo ndiyo iliyobeba siri. Hatudai kwamba neno peke yake hutibu. Lakini neno lililochaguliwa vyema humzuia mtu asitende haraka pale panapohitaji subira, na asitumaini bure pale pasipo na tumaini.

Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Istilahi nazo hazitengenezwi na mtu mmoja. Mapendekezo haya yanaletwa mbele ya Baraza na mbele ya wasomaji, hasa wauguzi, wakunga, walimu wa biolojia na wazee wajuao majina ya sehemu za mwili katika lahaja zao. Huenda mahali fulani pana jina la kitalu cha ukucha lililo zuri kuliko hili letu, linalotamkwa kila siku na bibi anayemkata mjukuu wake kucha. Kama lipo, na liandikwe.